Mti wa Taa Hupimwa Januari

Kamati ya mapambo inapokaa kupanga mti wa taa wa Krismasi, swali la kwanza huwa la urefu. Kanisa la jirani mwaka jana lilisimamisha wa mita 8, basi wetu usipungue 10. Swali la pili ni rangi, na hilo peke yake linaweza kumaliza jioni nzima pamoja na chai. Swali la tatu, yaani nani ataushusha mti huo, lini, na utalala wapi hadi mwaka mwingine, mara nyingi halifiki mezani. Muda umekwisha, na watu wanaiwazia foleni ya Ubungo.

Naona hilo la tatu ndilo lilifaa kufungua kikao. Mti ninaouzungumzia ni ule wa nje: nguzo ya chuma katikati, na nyuzi za taa zinazoteremka pande zote hadi kufanya umbo la pia. Siku hizi unauona kwenye viwanja vya makanisa, mbele ya hoteli, kwenye vituo vya mafuta, na katika nyua za zile nyumba za Moshi na Rombo ambazo wenyewe huja wiki 2 kwa mwaka, na katika wiki hizo 2 wangependa majirani wajue kuwa wamefika. Tunauita pambo, na kwa kuuita hivyo tunaupa bajeti ya pambo. Lakini kitu chenye urefu wa karibu mita 6, kinachosimama nje wakati mvua za vuli hazijaisha, kinachosukumwa na upepo na kupitisha umeme mahali watoto wanapocheza, ni jengo. Tena ni jengo lenye sharti ambalo nyumba haina: kila mwaka libomolewe, na kubomolewa kusiliharibu. Miti mingi ya taa haiuawi na upepo wa Desemba. Huuawa Januari, na kijana aliyetumwa kuifungua kwa kisu.

Waliotutangulia katika mambo haya hawakuwa na shida hiyo kwa kiasi hiki, kwa kuwa walitundika taa kwenye miti ya kweli. Mwaka 1882 Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison katika biashara ya umeme, alipamba mti nyumbani kwake New York kwa balbu 80 nyekundu, nyeupe na bluu, akauweka juu ya kitako kinachozunguka, maana mwenye kampuni ya taa hakosi la kuonyesha. Mwaka 1923 Rais Calvin Coolidge aliwasha mti wa kwanza wa taifa la Marekani jijini Washington. Ulikuwa wa futi 48, karibu mita 15, umeletwa kutoka Vermont na kuvikwa balbu 2,500. Tangu 1947 watu wa Oslo hupeleka mti London kila mwaka, ukasimamishwa Trafalgar Square. Katika visa vyote hivyo kazi ngumu ilikuwa imekwisha kufanywa na mti wenyewe. Shina lilikuwa nene chini na jembamba juu, limekulia kwenye upepo, linapinda na kurudi. Sisi tumechukua umbo tukaacha shina, kisha tukampa fundi wa kuchomelea siku 3 atengeneze kile ambacho mti ulikitengeneza kwa miaka 30.

Wapo walioukwepa mtihani huu kwa akili. Huko Gubbio, mji wa Italia ya kati, kila mwaka tangu 1981 wajitolea hutandaza mamia ya taa na kilomita kadhaa za kebo kwenye mteremko wa Mlima Ingino, ukatokea mti wenye urefu wa zaidi ya mita 650. Mwaka 2011 Papa Benedict XVI aliuwasha akiwa Vatican, kwa kugusa tableti. Sijui mti wa taa ulio imara kuliko huo, kwa sababu wenyewe umekwisha kulala. Sisi wa Buguruni na Mikocheni hatuna mlima, kwa hiyo inatubidi kuusimamisha.

Kuna tofauti nyingine ambayo haitajwi sana. London mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni, na baridi huwarudisha watu ndani. Mti wao hutazamwa kutoka dirishani, ndani ya gari, au na mtu aliyevaa glavu na mwenye haraka. Dar es Salaam jua huzama baada ya saa 12 na nusu, na joto la ndani huwatoa watu nje. Viti huletwa uani. Mti wetu unakaliwa chini yake, unapigiwa picha ukiwa umekumbatiwa, na watoto wanauvuta ili waone kama taa zitang'oka. Huguswa na watu, tena watu waliovaa kandambili zilizolowa. Maelekezo ya kwenye boksi la taa hayakuandikwa kwa kumfikiria mtazamaji wa namna hiyo.

Nianze na urefu, kwa kuwa ndiko kamati ilikoanzia, ingawa nitaufikia kwa njia nyingine. Nyuzi za taa zinazouzwa Kariakoo nyingi zina urefu wa mita 10. Ukikunja uzi mmoja katikati na kuuning'iniza kileleni, unapata miguu 2 ya mita 5 kila mmoja. Ukiitanua miguu hiyo hadi mita 1.6 kutoka kwenye nguzo, kilele kitakuwa mita 4.7 juu ya ncha zake. Sasa ziinue ncha hizo mita 1 kutoka ardhini, juu ya dimbwi na juu ya mbuzi, na kilele kinafika mita 5.7. Bomba la chuma nchini huuzwa kwa vipande vya mita 6. Nyota inapata sentimita 30 zilizobaki. Nyuzi 12 zinatoa miguu 24, inayotosha mti usioonekana na mapengo, na hakuna kipande cha bomba kilichoungwa wala uzi uliokatwa.

Faida kubwa ya mkunjo huo iko kwingine. Uzi ukikunjwa kileleni, ncha zake zote mbili zinashuka chini, pamoja na plagi yake. Juu hakubaki kiungo chochote cha umeme. Ule mtindo wa kuanza na plagi kileleni, halafu kuipandishia ekstensheni kwenye nguzo na kuifunga na utepe mweusi, unalazimisha mtu kupanda ngazi kila uzi mmoja unapozimika, na utazimika tarehe 24 jioni, wakati kwaya imeanza kuingia. Ukiwa na plagi zote chini, anayetafuta uzi uliokufa anautafuta akiwa amesimama kwenye ardhi ya Mungu.

Kwa wanaosisitiza mita 8, njia ipo. Bomba la inchi moja na nusu huingia ndani ya bomba la inchi mbili, nalo lipishane kwa sentimita 60 au zaidi na kufungwa kwa bolti 2 zilizopita pande tofauti. Huko tunaongeza uzito juu na kazi chini, na jirani naye atasimamisha wa mita 9.

Sasa chini. Shimo la sentimita 60 kila upande likijazwa zege, unapata bonge lenye zaidi ya kilo 500. Ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto zinafaa kabisa. Zege la jengo hili halihitaji siri yoyote, linahitaji muda. Likimwagiliwa maji ipasavyo, siku 7 hulipa nguvu ya kuanzia, na 28 ndizo wahandisi wanazolipimia. Zege linalomwagwa tarehe 20 Desemba na kusimamishiwa nguzo tarehe 22 bado linajifunza kazi.

Kosa la kawaida hapa ni kuizika nguzo yenyewe ndani ya zege. Inaonekana imara, na kweli ni imara, kiasi kwamba Januari haitoki. Kinachofuata ni mojawapo ya mambo mawili: nguzo inakatwa kwa grenda na kuacha kisiki chenye makali katikati ya uwanja, au inaachwa imesimama mwaka mzima na kufanywa goli. Badala yake, zika kwenye zege masikio 2 ya bamba la chuma la milimita 10, yaliyosimama sambamba kwa upana wa bomba. Nguzo inaingia katikati yake. Bolti moja nene inapita chini na kuwa bawaba. Nyingine inapita juu yake, sentimita 30 hivi, na kuwa kufuli. Ukitoa ya juu, nguzo inalala. Ukiisimamisha na kuirudisha bolti, imesimama. Bomba la inchi mbili la mita 6 lina uzito wa kilo 30 hivi, kazi ya watu 4 na kamba moja, na taa zote zinafungwa na kufunguliwa nguzo ikiwa imelala kwenye viti. Ngazi inabaki stoo. Ikipita sikukuu, masikio yale yafunikwe kwa chungu kikubwa cha maua, vinginevyo yatawavunja watu vidole vya miguu hadi Pasaka.

Bawaba peke yake haitoshi dhidi ya upepo, na hapa hesabu kidogo inasaidia. Desemba upepo wa kaskazi umeshaanza pwani, lakini huo ni mtulivu kiasi. Unaoangusha vitu ni ule mkupuo wa dakika chache unaotangulia mvua. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, husukuma kila mita 1 ya mraba ya kitu kilichosimama mbele yake kwa nguvu ya karibu kilo 25. Kasi ikiongezeka mara 2, msukumo huongezeka mara 4. Sasa pima mti wetu. Miguu 24 ya mita 5, kila mmoja ukiwa na unene wa milimita 6 hivi pamoja na taa zake, jumla haifiki mita 1 ya mraba. Upepo unapita katikati. Msukumo wote hauzidi kilo 20 na ushei, na umesambaa.

Kisha anakuja mfadhili na bango lake. Bango la plastiki la mita 2 kwa 3 lina mita 6 za mraba na halina tundu hata moja. Katika upepo uleule linavutwa kwa nguvu ya kilo 150, na kwa kuwa mfadhili hutaka lionekane, linafungwa juu. Mazungumzo huwa ya namna hii:

"Mwenyekiti, hili si bango tena, ni tanga. Litaondoka na nguzo."

"Fundi, huyu bwana katoa taa zote. Tumwambieje?"

"Tulifunge ukutani, mzee. Ukuta haujali."

Fundi yuko sahihi, na mara nyingi hushindwa. Nyota ya kileleni nayo iangaliwe kwa jicho hilohilo. Ile iliyokatwa kwenye bati zima ni bango dogo lililowekwa mahali pabaya kuliko pote. Ile ya nondo nyembamba ya milimita 6, yenye kingo tu zilizozungushiwa taa, usiku inang'aa vilevile na mchana haivuti kitu.

Nyaya za kushikilia nguzo ziwe 3 au 4, za kamba ya chuma, na zifungwe kwenye nguzo mita 4 kutoka chini. Zikishuka ndani ya pia ya taa na kugusa ardhi mita 2 kutoka kwenye nguzo, hakuna atakayejikwaa, kwa kuwa hakuna anayepita humo. Bei ya kuzificha hivyo ni kwamba waya uliosimama wima namna hii hubeba zaidi ya mara 2 ya msukumo wa upepo wenyewe. Uliotanuka hadi nyuzi 45 ungebeba mara 1.4 tu. Kwa mti usio na bango, kamba ya chuma ya milimita 4 inamudu bila taabu. Kinachoshindwa kwa kawaida ni ncha zake mbili. Ncha ya waya hukunjwa kwenye kitanzi na kubanwa kwa klipu 3, na sehemu ya klipu yenye kiti cha bapa inapaswa kukaa upande wa waya mrefu unaobeba mzigo, ile ya mviringo ikibana mkia. Klipu zikigeuzwa, zinauma na kuudhoofisha waya unaotegemewa. Asilimia kubwa ya nguzo zilizofungwa barabarani kwetu zina klipu zilizogeuzwa, au zina fundo.

Ncha ya chini ni tatizo la udongo. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ni mchanga, na kigingi kilichopigwa kwenye mchanga mkavu hushika vizuri hadi mvua inyeshe, halafu kinatoka kwa utaratibu bila kuvunjika. Chimba sentimita 70, laza kipande cha bomba chini kikiwa kimefungwa waya katikati, fukia na ushindilie. Huko Moshi, kwenye udongo mzito na mawe, kigingi cha chuma cha mita moja kilichopigwa kwa mlalo kinatosha, ukibahatika kupata mahali kitakapoingia.

Nyuzi za taa zenyewe zisibebeshwe kazi hii. Ni rahisi kujidanganya kwamba miguu 24 iliyokazwa vizuri inashikilia nguzo. Inashikilia, hadi shaba yenye unene wa unywele ikatike ndani ya plastiki bila kuonekana. Kila mguu ufungwe kwenye kamba nyembamba ya nailoni iliyonyooshwa kutoka kileleni hadi chini, taa zikining'inia juu yake zikiwa zimelegea kidogo. Vifungio vya plastiki vya kukaza kwa meno viwe vyeusi. Vyeupe huliwa na jua. Baada ya msimu mmoja hukatika kwa kuguswa, na hapo ndipo kisu cha Januari huonekana hakina kosa.

Kileleni panahitajika pete ya kupitishia mikunjo 12. Unaweza kumlipa fundi akunje nondo na kuchomelea ndoano 12, ambazo 3 hazitalingana. Au unaweza kwenda kwa fundi baiskeli ukachukua rimu kuukuu ya baiskeli ya mtoto. Ina mviringo kamili, haina uzito, na tayari imetobolewa matundu ya spoki kwa nafasi zinazolingana kuzunguka pande zote. Kingo zake hazina makali ya kukata waya. Inafungwa kwenye nguzo kwa vipande 2 vya bapa na bolti. Ni kifaa pekee katika mradi huu kilichotengenezwa kiwandani kwa usahihi, na bei yake ni ya chuma chakavu.

Nimesema bolti na sikusema kuchomelea, kwa makusudi. Bomba la chuma lililopakwa zinki huvumilia hewa ya chumvi ya pwani kwa miaka mingi, lakini moto wa kuchomelea huunguza zinki mahali palepale pa kiungo, na hapo ndipo kutu huanzia. Kila unapolazimika kuchomelea, kwa mfano kwenye sehemu za bawaba, ondoa zinki kwa grenda kwanza, choma, safisha, kisha paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo kabla ya ile ya kupendezesha. Moshi wa zinki humletea mchomeleaji homa na kutetemeka usiku. Mafundi wengi huamini dawa yake ni maziwa. Maziwa ni kitu chema, ila hupita tumboni, na moshi ule umekwenda kwenye mapafu. Afadhali achomee nje, upepo ukiwa mgongoni.

Umeme ndio unaostahili kikao cha peke yake. Habari njema ni matumizi. Uzi wa LED wa mita 10 hula kati ya wati 5 na 8, kwa hiyo mti wote hauzidi wati 100. Ukiwaka saa 5 kila usiku kwa siku 30, unakula uniti 15. Balbu 300 za zamani za wati 7 zingekula uniti 315 kwa muda huohuo. Mhasibu wa kanisa hana hoja.

Habari mbaya imejificha ndani ya uchache huo. Kwa sababu mti unakula kidogo, watu huamini umeme wake ni mdogo. Nyuzi nyingi za bei nafuu hazina adapta ya kupunguza umeme. LED moja huhitaji volti 2 au 3, hivyo kiwanda huunga LED nyingi mfululizo zigawane volti 230 za ukutani. Taa inawaka kwa upole, lakini waya uliochubuka unaweza kuwa na volti 230 zilezile za kwenye pasi, ukiwa na ganda jembamba, kwenye kimo cha mtoto wa darasa la pili, siku ya mvua. Kisanduku kidogo chenye kitufe cha kubadilisha mtindo wa kumetameta si adapta. Kinabadilisha mchezo tu. Nyuzi zinazostahili kuwa nje ni zile zenye adapta iliyoandikwa volti 24 au 31. Adapta inakaa ndani, pakavu, na kinachotoka kwenda mtini ni umeme usioweza kumdhuru mtu kwa kawaida. Zina bei zaidi. Ikiwa fedha haitoshi nyuzi 12 za namna hiyo, mti wa nyuzi 8 bado ni mti.

Kwenye lebo tafuta herufi IP na tarakimu 2 zinazofuata. Ya kwanza ni kinga dhidi ya vumbi na vidole, ya pili ni dhidi ya maji. IP44 huvumilia mrusho wa maji kutoka pande zote. IP65 huvumilia hata bomba la kumwagilia. IP20 ni ya sebuleni, haijalishi muuzaji ameapa kwa jina la nani.

Kisha kiwepo kile kifaa ambacho mafundi umeme hukiita RCD. Hupima umeme unaokwenda na unaorudi. Unaorudi ukipungua kwa miliampea 30, maana yake kuna mahali unavuja, pengine kupitia mwili wa mtu, nacho hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Sakiti breka ya kawaida haifanyi hivyo. Hiyo hulinda nyaya zisiungue, na mtu anaweza kufa muda mrefu kabla haijaona sababu ya kuruka. Kina kitufe cha kujaribia, na Desemba ni mwezi mzuri wa kukibonyeza. Nguzo nayo iungwe na ethi, ingawa katika mchanga mkavu ethi huwa dhaifu, ndiyo maana haifai kuitegemea peke yake. Kwa wenzetu wa Bukoba, Mwanza na Bukavu, radi ni hesabu nyingine: nguzo ya chuma isisimame peke yake mahali pa wazi, na ngurumo zikianza, watu waondoke chini yake na plagi ichomolewe kabla hazijakaribia.

Plagi na adapta zisilale chini. Sanduku la plastiki lililofungwa ukutani, tundu la kebo likiwa upande wa chini, linatosha. Kebo ishuke chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, ili maji yanayoifuata yadondoke kwenye kile kikunjo. Jambo hili halina gharama yoyote na pengine ndiyo sababu linasahaulika.

Mtu atauliza kwa nini asivishe taa ule mti wa mwashoki ulio kando ya ukuta, mrefu, wenye umbo la mshumaa, usiohitaji zege. Avishe. Ni wazo zuri kwa mwenye mwashoki, mradi akumbuke kuwa unakua, na uzi uliosahauliwa umeuzunguka shina hubanwa na gome hadi hauondoki. Nao unataka kazi ya Januari.

Ambayo sasa tumeifikia. Kwa mapokeo ya makanisa mengi msimu huisha na Epifania, tarehe 6 Januari. Kwa mapokeo ya kamati huisha mwenyekiti akikumbuka. Taa hazichoki kwa kuwaka. Huchoshwa na jua la mchana, na kila wiki ya ziada juani inakula ganda la waya. Siku ya kushusha, kabla ya kufungua chochote, washa. Uzi wenye kasoro uonekane ukiwa bado uko mahali pake, ufungiwe kitambaa, utengenezwe au utupwe. Kuhifadhi uzi mbovu kwa matumaini ni kumwachia tatizo mtu wa Desemba, ambaye atakuwa na haraka.

Toa bolti, laza nguzo, spana moja tu inatosha kama bolti zote ni za saizi moja, na ziwe hivyo. Futa kila uzi kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, ukaushe kivulini, uzungushe kwenye kipande cha ubao chenye mikato miwili pembeni, plagi ikiwa mwisho ili ndiyo itangulie kutoka. Kila ubao uwe na namba. Nyuzi 12 hukaa kwenye ndoo 2 za rangi za lita 20, na mfuniko ni lazima, kwa sababu panya wa stoo za makanisa wana meno na muda. Ndoo isiwekwe juu ya dari, chini ya bati, kwenye joto la kuiva. Taa hizohizo, zikitunzwa hivyo, zinaweza kwenda harusini Juni, na mwenye urafiki mwema na msikiti wa mtaani atakuta zinatafutwa wakati wa Maulidi, maana wote tunanunua duka lilelile.

Nguzo ilazwe juu ya magogo 3 chini ya mchirizi, isigusane na ardhi. Itaazimwa. Machi au Aprili atakuja mtu kuiomba kwa ajili ya hema la msiba, na hakuna kamati ya kanisa itakayomnyima mfiwa bomba. Apewe, aandikwe daftarini. Bolti zibaki kwa katibu.